Felisita na Kipande cha Memori

Kila siku alasiri, Felisita alipotoka shule, hakupita njia fupi ya kwenda nyumbani. Alizunguka nyuma ya soko la Bariadi, akapita mbele ya mashine za kusaga, akasimama chini ya dirisha la chumba cha Marcelo. Alitua mfuko wake wa madaftari, akakanyaga tofali, akachungulia ndani. Alijipa dakika kumi tu, kwa sababu zikizidi hapo mama yake alianza kuuliza maswali.

Mwaka ulikuwa 2003. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Makampuni binafsi ya pamba yalikuja na kuondoka, na kompyuta, ambazo zamani zilikaa ofisini tu, zilikuwa zimeanza kuuzwa Mwanza zikiwa zimetumika, kama mashati ya mtumba. Hivyo ndivyo Marcelo, kijana wa miaka ishirini na mitano, alivyopata kompyuta zake tatu. Alizipanga katika chumba kimoja, akaanza kuwatoza vijana hela ili wacheze michezo.

Felisita alipenda mchezo wa mbio za magari. Gari jekundu lilikata kona, likapanda mlima, likaruka daraja, na aliyeliendesha alipokosea kidogo tu liliingia mtaroni. Pale dirishani Felisita alikuwa akikunja vidole vyake kila kona ilipokaribia. Alijua kabisa ni wapi wale vijana walikosea.

Mlangoni kulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: WASICHANA HAWARUHUSIWI.

Siku moja Felisita hakwenda dirishani. Aliingia mlangoni, akiwa ameshika hela yake mkononi.

"Mwadila, kaka Marcelo," alisalimia kwa Kisukuma. "Nataka kucheza magari."

Marcelo alimtazama. "Hujasoma hapo mlangoni?"

"Nimesoma. Nimekuja kuuliza sababu."

Vijana waliokuwa wakicheza waligeuka na kucheka. Marcelo naye akacheka. "Sababu ni kwamba nyie mnabonyeza ovyo, mnaharibu mashine. Tena mkiwamo humu wateja wangu hawatulii. Nenda kachote maji."

"Maji nimechota asubuhi."

"Basi kachote mengine."

Felisita alihisi masikio yakiwaka moto. "Sawa," alisema. "Nitatengeneza yangu."

"Utatengeneza kompyuta?" Marcelo aliuliza. "Kwa udongo?"

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Felisita alitoka nje huku mgongo ameunyoosha, na hakutazama nyuma mpaka alipopita mashine za kusaga.

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo, kama maneno mengi ya hasira yanavyoishia. Lakini wiki chache baadaye baba yake, mzee Shigela, alirudi nyumbani na habari. Mzee Shigela alikuwa mlinzi. Kwa miaka mingi alilinda maghala ya chama cha ushirika, na ushirika ulipopungukiwa kazi akaajiriwa na kampuni moja binafsi ya pamba. Sasa kampuni hiyo nayo ilikuwa imefunga baada ya misimu miwili, na mwenye jengo alikuwa anapiga mnada vitu vilivyoachwa ofisini.

"Kuna meza, makabati na mizani," mzee Shigela alimwambia mke wake, Martha, wakiwa wanakula. "Na kompyuta mbili mbovu. Hizo nadhani watachukua wanaonunua vyuma chakavu."

Felisita aliacha kula. "Baba, wanauza bei gani?"

"Mbovu, ng'wanone, mwanangu. Haziwaki."

"Nimesikia. Bei gani?"

Felisita alikuwa na kipande chake cha shamba, hatua ishirini kwa kumi, pembeni ya pamba ya baba yake kule Ngulyati. Msimu huo alikuwa amepanda choroko, akazipalilia mwenyewe na kuzivuna mwenyewe. Hela ya choroko ilikuwa imewekwa kwa ajili ya viatu. Siku ya mnada alikwenda na hela hiyo, akasimama kati ya wanunuzi wa vyuma chakavu, na kila walipotaja bei naye akataja. Mwisho mmoja wao alichoka. "Mwachieni mtoto," alisema. "Labda anataka kufugia kuku."

Felisita alidai stakabadhi, akaikunja, akaihifadhi ndani ya daftari la hisabati. Mwaka huo alivaa viatu vile vile vya zamani, vidole vikichungulia mbele.

Zile kompyuta mbili alizipeleka kwa fundi Novatus, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi. Nyumbani kwao hapakuwa na umeme, lakini pale kibandani ulikuwapo. Fundi Novatus alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyezoea kuongea na redio kama watu wengine wanavyoongea na ng'ombe wao. Aliyazunguka yale maboksi mawili ya chuma, akakuna kichwa.

"Mimi ni fundi wa redio," alisema. "Kompyuta sijawahi kufungua."

"Na mimi sijawahi," Felisita alijibu. "Kwa hiyo tutaanza pamoja."

Waliafikiana kwamba Felisita atafagia kibanda na kupanga misumari, nyaya na nati kila Jumamosi, na fundi atampa nafasi kwenye kona, bisibisi na umeme. Walifungua yale maboksi. La kwanza lilikuwa na bodi nzima, ule ubao wa kijani unaobeba vitu vyote, lakini kifaa chake cha kupokea umeme kilikuwa kimeungua. La pili lilikuwa na kifaa kizima cha umeme, lakini bodi yake ilikuwa imeliwa na panya na mkojo wao. Kazi ikaonekana wazi: kutoa kizima huku na kukifunga kule.

Kuona kazi ni kitu kimoja, na kuimaliza ni kitu kingine. Waya mmoja ukifungwa vibaya, mashine ilinyamaza. Mara tatu fundi Novatus alisema waache, na mara tatu Felisita alisema wajaribu tena. Waligundua kwamba meno madogo ya shaba yakishika uchafu mashine haiwaki, na kwamba ukiyasugua taratibu kwa raba ya kufutia penseli yanarudi kung'aa. Feni ilitoka kwenye chombo kibovu cha fundi. Kibodi ilikosa vitufe vinne, Felisita akachonga vingine kutoka kwenye ndala iliyochakaa.

Kioo cha kompyuta kilitoka Lamadi. Shangazi yake, Shida, aliyekuwa akiuza samaki huko, alisikia kwamba nyumba moja ya wageni inatupa kioo cha zamani chenye ufa kwenye kasha lake. Alikiomba, akapewa, akakifunga kwa kanga na kukituma kwa basi kati ya matenga mawili ya dagaa. Kuanzia siku hiyo, kioo kilipopata moto kibanda kizima kilinuka dagaa, na paka wa stendi wakawa wanakuja kukaa mlangoni.

Mashine iliwaka siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Fundi Novatus aliondoa kofia yake bila kujua kwa nini. Na humo ndani, kwenye diski ya kampuni, pamoja na orodha za wakulima na uzito wa pamba, walikuta kitu ambacho hawakukitegemea. Karani mmoja wa kampuni ile alikuwa ameweka mchezo wa mbio za magari. Inaelekea wakulima walipokuwa wamepanga foleni juani, yeye alikuwa akikata kona.

Felisita aliubonyeza. Kioo kiligeuka cheusi, kisha yakatokea maneno ya Kiingereza. Fundi aliyasoma pole pole.

"Inasema memori haitoshi."

Memori ni kipande chembamba kama kitana, kinachochomekwa kwenye bodi, na ndicho kinachoisaidia mashine kukumbuka inachofanya. Mashine ya Felisita ilikuwa na kimoja tu, kidogo. Kile cha boksi la pili kilikuwa kimeharibika pamoja na bodi. Ili mchezo ufunguke alihitaji kingine, na kingine kilikuwa Mwanza, na hela ya choroko ilikuwa imekwisha.

Jumatatu alimweleza jambo hilo Violeth, aliyekaa naye dawati moja. Violeth alikuwa mdogo wake Marcelo. Yeye ndiye aliyefuta vumbi chumba cha kaka yake kila asubuhi, na yeye pia hakuruhusiwa kugusa kibodi isipokuwa kwa kitambaa.

"Kinafananaje hicho kipande?" Violeth aliuliza.

Felisita alimchorea nyuma ya daftari. Alichora meno ya shaba, na vishikio viwili vyeupe vinavyokibana huku na huku. Alipokuwa anachora alijua kwamba swali lile halikuwa la bure. Hata hivyo alimaliza mchoro.

Alhamisi Violeth alimpa kitu kilichofungwa kwenye karatasi. "Usiniulize," alisema. "Ila nikija kucheza, mimi ndiye wa kwanza."

Felisita hakuuliza. Fundi Novatus yeye aliuliza, kwa sababu kilikuwa kisafi mno. Felisita alimjibu huku akitazama chini, "Kilikuwa kwenye lile boksi la pili. Nimekisugua kwa raba."

Walikichomeka, na gari jekundu likatokea.

Kwa siku tano Felisita aliendesha. Alikata kona zote ambazo vijana wa Marcelo walizikosa. Wasichana wa darasa la sita walikuja wawili wawili baada ya shule, wakaketi kwenye makopo ya rangi na kupokezana. Felisita alipaswa kuwa na furaha, na alikuwa nayo, lakini kila Violeth alipoingia kibandani, alijikuta anasikiliza nyayo za nje.

Nyayo zilikuja siku ya sita. Wateja wa Marcelo walikuwa wamelalamika kwamba kompyuta moja imekuwa nzito kama ng'ombe aliyeshiba. Marcelo aliifungua, akakuta nafasi moja ya memori iko wazi. Kisha akasikia kwamba mtoto wa mlinzi anachezesha magari karibu na stendi. Alifika kibandani amekunja uso.

"Kumbe udongo wenyewe ulikuwa huu," alisema. "Nyie mmeniibia. Na hizi kompyuta zenyewe baba yako alizitoa usiku kwenye kampuni, kila mtu anajua walinzi walivyo."

Felisita alisimama. "Usimtaje baba yangu. Nimezinunua mnadani, na stakabadhi ninayo."

"Utaionyesha kwa mtendaji."

"Nitaionyesha."

Mtendaji wa kata alikuwa Mama Veronica, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Aliwaita wote Ijumaa saa tisa. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mzee Shigela alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe, lile la kanisani. Martha alimwambia ni ofisi ya kata tu, si lazima avae hilo. Mzee Shigela alisema, "Nimeitwa mwizi. Nitakwenda nimevaa vizuri."

Kisha akamtazama binti yake. "Felisita, katika mashine ile kuna kitu ambacho huwezi kusema kilikotoka?"

Felisita alikuwa anaosha vyombo. "Hakuna, baba," alisema. Sahani ilimteleza ikarudi kwenye maji.

Ijumaa waliibeba mashine kwenye keria ya baiskeli ya fundi Novatus, imefungwa kwa kamba ya mpira. Ofisini walikuwapo Marcelo, Violeth aliyeletwa na kaka yake kama shahidi wa chumba, na majirani waliokuja kusikiliza madirishani. Marcelo alieleza madai yake. Alipomaliza, mzee Shigela aliomba kusema.

"Mimi nimelinda mali za watu miaka kumi na minane," alisema. "Nimelinda pamba, mizani, hata masanduku ya hela. Sijachukua hata uzi. Na mtoto huyu nimemlea mimi. Hawezi kuiba. Naweka jina langu hapa mezani kwa ajili yake."

Mama Veronica alimgeukia Felisita. "Na wewe, mayu, binti yangu, una la kusema?"

"Ninalo," Felisita alijibu. "Lakini naomba niifungue mashine. Nitawaonyesha kila kitu na kilikotoka."

Alichukua bisibisi, akaanza. Aliweka kasha mezani, na pembeni yake stakabadhi ya mnada yenye sahihi na mhuri. Mama Veronica aliisoma, akampa Marcelo naye aisome. Felisita aliweka kifaa cha umeme, akaeleza kilivyotoka kwenye boksi la pili. Aliweka feni, na fundi Novatus akathibitisha. Aliweka kibodi, watu wakaviona vitufe vya ndala, wakacheka, lakini kicheko hiki hakikuwa kama kile cha chumba cha Marcelo. Aliposema kioo kilisafiri na dagaa, Mama Veronica aliinama akakinusa, akatikisa kichwa. "Hapo husemi uongo," alisema.

Dirishani mtu mmoja alisema, "Huyu mtoto ni fundi kweli." Marcelo alikuwa ameanza kutazama viatu vyake.

Sasa mezani palibaki bodi peke yake, na juu yake memori mbili. Felisita alitoa ile ndogo. "Hii ilikuja na mashine," alisema. Kisha akashika ile ya pili.

Fundi Novatus alitaka kumsaidia. "Na hiyo ilitoka kwenye boksi la pili," aliwaambia watu. "Alinieleza mwenyewe."

Hakuna aliyebisha. Vipande vile havikuwa na alama ya mtu, na Marcelo mwenyewe asingeweza kuapa kwamba hiki ni chake. Felisita angeitika kwa kichwa tu, na kesi ingekuwa imekwisha. Alimtazama baba yake. Mzee Shigela alikuwa amesimama wima ndani ya shati lake jeupe, mikono nyuma, kama alivyosimama getini miaka yote, na usoni alikuwa ameanza kutabasamu.

"Hapana," Felisita alisema. "Fundi, nilikudanganya. Na jana jioni nilimdanganya baba. Hiki si changu. Ni cha Marcelo."

Tabasamu la mzee Shigela liliondoka, na Felisita aliliona likiondoka.

"Umeiba?" Mama Veronica aliuliza.

"Nilikipokea. Sikuuliza kilikotoka, kwa sababu nilishajua. Na mimi ndiye niliyechora mchoro uliokifanya kitambulike."

"Nani alikupa?"

"Hilo sisemi."

"Hapa ni ofisi ya serikali, binti."

"Najua, mama. Nipeni adhabu, nitaifanya. Lakini jina sitataja. Na jambo moja liandikwe sawasawa. Nimekosa katika kipande hiki kimoja. Vingine vyote nimevifanyia kazi, na baba yangu hajachukua kitu cha mtu yeyote. Marcelo alisema baba ni mwizi mbele ya watu. Nami nataka aseme mbele ya watu kwamba alikosea."

Marcelo alifungua mdomo ajibu, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake. "Ni mimi," Violeth alisema kutoka kwenye benchi. Alikuwa analia, lakini aliendelea. "Mimi ndiye niliyekitoa. Kila asubuhi nafuta mashine zako, kaka, na sijawahi kuruhusiwa kucheza hata mara moja. Nilikasirika."

Marcelo aliketi. Kisha akasimama, akamgeukia mzee Shigela. "Mzee wangu, nilikuvunjia heshima. Hukuiba. Naomba unisamehe."

"Nimekusikia," mzee Shigela alisema.

Mama Veronica aliandika kwa muda mrefu. Aliamua kwamba kipande kirudishwe hapo hapo, na kwamba Felisita na Violeth wafagie chumba cha Marcelo kwa Jumamosi nne bila malipo. Kisha akavua miwani yake. "Sasa, Marcelo, nielezee ile sheria ya mlangoni kwako. Iliandikwa na baraza gani?"

"Niliandika mwenyewe, mama."

"Nilidhani. Leseni yako ya biashara nimeitia saini mimi, na sikumbuki kuona humo neno wasichana. Nikipita Jumatatu nisilikute."

Njiani kurudi, mzee Shigela alitembea mbele na hakusema neno. Felisita alimfuata, akiona mgongo wa shati jeupe. Alijua kuna ukimya wa hasira na ukimya wa maumivu, na huu hakuweza kuutambua. Walipofika nyumbani alipiga magoti. "Baba, nimekuaibisha."

"Umeniaibisha," mzee Shigela alikubali. "Inuka. Nitasema siku nyingine."

Jumamosi nne zilianza, na kile kipande cha boksi hakikuwapo tena mlangoni. Felisita na Violeth walifagia, wakafuta madirisha, wakamwagia maji vumbi la mlangoni. Baadhi ya vijana waliwazomea. Felisita hakuinamisha uso. "Nafanya adhabu yangu," aliwajibu. "Nikimaliza nitakuja na hela yangu, na hapo mtaona." Jumamosi ya tatu alisikia Marcelo akilalamika kwamba kompyuta ya katikati imekataa kuwaka kabisa, na itabidi aipeleke Mwanza kwa basi.

"Naweza kuiangalia," Felisita alisema.

Marcelo alisita. Akatazama wateja waliokuwa wanasubiri, kisha akasogea pembeni. Felisita aliifungua, akatoa memori, akakuta meno yake yameshika weusi. Aliazima raba kwa mvulana mmoja, akasugua taratibu, akarudisha, akabonyeza. Mashine iliwaka. Vijana waliokuwa wakizomea walisogea kuangalia alichofanya.

"Asante," Marcelo alisema. "Umeniokolea nauli."

"Kufagia ni adhabu," Felisita alisema. "Hii ilikuwa kazi. Fundi analipwa."

Marcelo alimtazama, halafu akacheka, na safari hii hakumcheka yeye. Alifungua droo, akatoa kipande cha memori cha zamani alichokibadilisha aliponunua mashine zake. "Hiki kinatosha mchezo wako. Kichukue."

Felisita hakukigusa. "Niandikie kwanza karatasi kwamba umenipa kwa malipo ya kazi. Weka na jina lako."

Marcelo aliandika.

Jumamosi ya nne ilipopita, mashine ilirudi kwenye kona ya kibanda cha fundi Novatus. Mzee Shigela alikuja kuiona ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Alikuwa amepata kazi ya kulinda ghala jingine, kwa maana mwenye ghala alikuwa mmoja wa waliosikiliza dirishani siku ile. Alimkuta Violeth anaendesha gari jekundu, na nyuma yake wasichana watano wanasubiri zamu. Aliomba karatasi ya memori, akaisoma yote, akairudisha.

"Nilikuahidi nitasema siku nyingine," alimwambia Felisita, na wasichana wakanyamaza kusikiliza. "Marcelo alipokwambia huwezi, ukakataa, nilifurahi. Watu walipokucheka mnadani, ukakataa kuondoka, nilifurahi pia. Endelea hivyo hivyo. Mtu akikuonea, mkatalie. Lakini kuwakatalia wengine ni rahisi, hasira inakusaidia. Siku ulipopokea kile kipande, aliyetakiwa kukataliwa alikuwa wewe mwenyewe, na hukumkatalia. Bila shaka ulikuwa unacheza huku unasikiliza nyayo."

"Ndiyo, baba."

"Pale ofisini ulimkatalia. Ulikuwa peke yako, na uongo ulikuwa umeshaandaliwa mezani, wa kuokota tu. Mimi niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeweka jina langu. Lakini nilipofika nyumbani nikafikiri. Kama ungenyamaza, jina langu lingekuwa limesimama juu ya kitu kilichooza, na mimi nisingejua. Sasa limesimama juu ya ukweli. Kitu ulichokipata kwa jasho lako unakilalia usingizi. Ulichokipata kwa kufumba macho kinakuweka macho. Nyie nyote mlio hapa, likumbukeni hilo mkiwa watu wazima wenye ofisi zenu."

Wasichana waliitikia. Mzee Shigela alivuta kopo la rangi, akaketi.

"Haya," alisema. "Zamu yangu ni baada ya nani?"